Mama wa Kiti cha Kushoto

Mwalimu hakuingia gari kama watu wengine wanavyoingia. Aliliingia kama mtu anayekaribishwa ukweni: anasimama kwanza mlangoni, anachungulia ndani, anakung'uta viatu, kisha anakaa taratibu kwenye kiti cha kushoto na mkoba wake magotini. Akishakaa anauvuta mkanda kwa ghafla, kwa nguvu zake zote, kuona kama utakataa kutoka. Ukikataa, anaridhika. Ndipo anamgeukia aliye kwenye usukani na kumwambia, "Bon. Mutu iko tayari. Motokari nayo?"

Tulimwita Mwalimu, ingawa sidhani kama aliwahi kushika chaki. Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye umri wa kutosha kunizaa, na kazi aliyojipa hapa Sydney ilikuwa kuwafundisha wanawake wenzake kuendesha gari. Waume walikuwa wameshajaribu. Mume akimfundisha mkewe gari, wanarudi nyumbani hawasemezani, na mara nyingine mmoja wao anarudi kwa miguu. Kwa hiyo tuliletwa kwa Mwalimu mmoja baada ya mwingine, kutoka Mount Druitt, Rooty Hill na hata Blacktown, wengi wetu wahudumu wa wazee na wapakiaji wa maghalani, tumechoka kusimama kituo cha basi asubuhi kwenye baridi ya Julai.

Hakuna aliyemlipa. Sharti lake lilikuwa kwamba ukimaliza somo uingie kwake, ukae, unywe chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuwasha masikio, na umsikilize. Ukisema una haraka anakuambia hujajua kuegesha, na somo lijalo lote litakuwa la kuegesha. Nilikunywa chai ile muda mrefu nikidhani ni ukarimu tu. Nilichelewa kuelewa kwamba alichokuwa anakitaka ni sisi.

Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa wa kusahihisha Kiswahili cha wenzetu. Nilipompa "Shikamoo" mara ya kwanza akanijibu, "Asante, na weye." Nikamweleza kwamba jibu lake ni marahaba. Akanisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, na siku iliyofuata nilipomwamkia akanijibu, "Asante, na weye." Nikaacha. Na ukweli ni kwamba nilianza kuipenda, maana shikamoo yangu ilikuwa inarudi kwangu na kitu mkononi.

Tulikaa jengo moja Mount Druitt, mimi na mwanangu Eliya juu, yeye chini kwenye sehemu yenye maegesho. Gari lake lilikuwa la familia, la viti saba, kwa mama aliyekaa peke yake. Nilimtania siku moja, "Mwalimu, viti saba vyote hivyo vya nini, unataka kuanzisha basi?" Akasema mwenye kiti kimoja anakaa peke yake, mwenye viti saba anangoja wageni.

Maneno yake mengi yalikuwa ya barabarani, lakini tuliyatumia hata jikoni. "Anayekupigia honi hajui kwenu." Hilo alilisema kila tulipotoka kwenye mzunguko wa magari na mtu wa nyuma akaanza kelele. Na akaongeza: "Weye sema Bwana asifiwe, kisha endelea polepole." Nimeshawahi kulisema neno hilo kazini, mkuu wa zamu aliponifokea mbele ya wagonjwa, na lilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Jingine lilikuwa, "Breki haina haya." Maana yake usione aibu kusimama, hata kama nyuma yako kuna lori na dereva wake ana matusi. Mama wa Kirundi tutakayemfikia alilipenda sana hilo, akawa analirudia akikata vitunguu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kunyooka. Mwanamke huyu aliyekagua mkanda kama afisa wa forodha anavyokagua sanduku, Jumapili mchana alikuwa anakaa mbele ya televisheni akitazama mashindano ya magari, na gari likibingirika anapiga makofi na kuita, "Eeeh! Eeeh! Ona ile!" Nilimuuliza haoni aibu. Akasema wale wamefungwa mikanda mbele na nyuma, hawafi, wanacheza. Aliogopa ngazi za umeme za madukani. Tulikuwa tunamzungusha Westpoint nzima kutafuta ngazi za kawaida, na huku ndiye aliyetutoa woga wa barabara kuu yenye malori matatu matatu.

Na alifunga mikanda vitu. Sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, ikipelekwa kanisani ilikaa kiti chake na kufungwa mkanda. Kiroba cha unga, mkanda. Keki ya ubatizo wa mtoto wa jirani, mkanda, na yeye akaigeukia njia nzima kuitazama kama inapumua. Nilipomcheka akanisimulia jinsi huko kwao walivyosafiri juu ya magunia kwenye lori, watu wamepandana, mtoto mgongoni, na mkono mmoja umeshika kamba ya turubai. Hakuna aliyejua mkanda ni nini. "Kule Mungu njo alikuwa ceinture," akasema. "Lakini Mungu iko na kazi mingi. Hapa wametupatia ya kitambaa, basi tumusaidie." Akacheka mwenyewe mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Alikuwa na mwana mmoja hapa Australia, na mwana huyo alikuwa Perth, upande wa pili wa nchi. Siku hizi Mwalimu yuko huko huko, anaishi naye, na ukitaka habari zake unampigia simu. Lakini miaka ile ya korona ninayoisimulia, Perth ilikuwa imefunga mpaka wake, hata sisi wa nchi moja hatukuweza kuingia, na mwana hakuweza kutoka akarudi. Walionana kwenye simu. Wajukuu walipita mbele ya kamera wakasema, "Hi Koko," yaani bibi, wakasema, "Bye Koko," na kati ya hayo mawili Mwalimu alikuwa amewauliza maswali kama sita kwa Kiswahili. Waliyaelewa, naamini. Walikuwa wanamjibu baba yao kwa Kiingereza, na baba anamfasiria mama yake. Simu ikikatika Mwalimu alibaki ameishika mbele ya uso wake kwa muda, kioo kimezima, na mimi nilikuwa najitia kushughulika na vikombe.

Sasa nifike kwenye mkanda.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona, pale walipolegeza masharti kidogo na watu wakaruhusiwa kupanda gari la mtu mwingine. Mwanafunzi alikuwa Mama Kezia, yule Mrundi niliyemtaja, aliyekulia kambini Tanzania na hapa akifanya kazi ya usafi katika nyumba ya wazee. Mama Kezia alikuwa mwoga wa kila kitu. Na alikuwa na sababu, maana alikaa nyumba moja na mama mkwe wake, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mwanamke wa sauti nzito na maoni mazito zaidi. Mama mkwe alishasema mbele za watu kwamba mwanamke na usukani wapi na wapi, na kwamba mkwe wake ataua mtu. Mama Kezia alilisikia neno hilo kila alipowasha gari.

Siku hiyo walikuwa Rooty Hill, kwenye mzunguko wa magari karibu na reli. Gari dogo la mizigo likaingia mbele yao bila kungoja zamu yake. Mama Kezia akakanyaga breki. Akakanyaga sawasawa, kama alivyofundishwa, bila kuona haya. Gari likasimama. Ila mkanda wa Mwalimu ukafyatuka, na Mwalimu akaenda na mdomo wake mpaka kwenye dashibodi.

Mama Kezia akapiga kelele, na Mwalimu, damu imejaa mdomoni, akamwambia kwamba alikuwa ameinama kuokota miwani. Kisha akamsifu. Akamwambia, "Breki yako ilikuwa muzuri sana, mwanangu, muzuri kabisa, mi njo mujinga wa kuinama." Wakaendelea na somo mpaka mwisho. Mama Kezia akapewa na chai yake.

Mimi niliyajua haya kwa sababu alipoondoka Mama Kezia, Mwalimu alipanda ngazi akagonga kwangu, leso mdomoni. Mdomo wa chini ulikuwa umechanika na jino moja linacheza. Nikamkalisha, nikavaa glovu, nikamsafisha kama ninavyowasafisha wazee wangu kazini.

"Umeanguka?"

"Ceinture ilijifungua yenyewe."

"Huenda hukuifunga vizuri."

Nikaona aibu kwa kumwambia hivyo.

"Mama Kezia anajua?"

"Hapana. Na weye pia haujui." Akaushika mkono wangu wenye glovu. "Akijua, hatashika usukani tena. Na yule mama mukwe ataimba kanisa muzima."

Tukashuka chini mpaka kwenye gari. Akachomeka ule ulimi wa chuma kwenye kishikio chake, ukalia kama kawaida, akauvuta. Ukashika. Akachomoa, akachomeka tena, ukashika. Nikaanza kupumua. Mara iliyofuata ulilia vilevile, taa ya dashibodi ikazimika vilevile kuonyesha kila kitu kiko salama, na alipouvuta ukatoka bila ubishi wowote. Sikuzipenda sekunde zile. Kitu kibovu kinachojulikana ni kibovu mtu anakiepuka, lakini hiki kilikuwa kinadanganya.

Siku chache baadaye nikamsindikiza kwa waliomuuzia gari. Aliendesha yeye, mimi nimekaa nyuma kwa amri yake. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole, amevaa barakoa, akalipeleka gari ndani, tukangoja nje kwenye viti vilivyotenganishwa kwa utepe. Akarudi. "No fault found," akasema. Wameujaribu mkanda na unashika vizuri.

"It's not every time," akasema Mwalimu. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole lakini kilifika. "Like fever. You go to hospital, fever is finish. You go home, it come."

Kijana akacheka kidogo, akasema anaelewa, lakini bila kuuona ukifyatuka hana la kuandika.

"OK. You sit there, my seat. I drive. I brake."

"Ah, can't do that, love. COVID. Haturuhusiwi kupanda gari la mteja akiwemo."

Mwalimu akanigeukia, akaniambia kwa sauti ambayo kijana hakuhitaji mkalimani kuielewa: "Ona. Anaogopa. Na mi mwenye nakaa pale kila siku?"

Nilikasirika kuliko yeye. Hasira zangu nyingi huishia kwenye simu usiku, na humo nikakuta watu wengine wenye gari la aina hiyo hiyo wakilalamika mkanda wa kiti hicho hicho. Mmoja Adelaide, mwingine Brisbane, mama mmoja wa kijijini huko Victoria aliyeandika kwamba haruhusu tena mama yake mzee kukaa mbele. Nikamsomea Mwalimu yote, nikifasiri. Alisikiliza ameegemea mbele, chai inapoa.

"Basi haiko mimi peke yangu."

"Hauko peke yako, Mwalimu. Tutawaandikia kampuni pamoja."

"Yule wa Victoria, tunaweza kumupigia?"

"Kumpigia? Simjui. Ni jina tu kwenye mtandao."

"Tumusalimie tu. Tumuulize mama yake iko aje."

Nikamwambia namba hawaweki, akasema ni bahati mbaya.

Tuliandika, tukapiga, tukangoja na muziki wa simu. Mwishowe kampuni ilikubali kwamba kishikio kile kina kasoro na kitabadilishwa bure, ila vipuri vinatoka ng'ambo, na meli zimechelewa kwa ajili ya korona. Hakuna aliyejua lini. Watu wakampa ushauri wa bure, yaani wale wachache walioona tu gari limepunguza kutembea na hawakuambiwa kwa nini. Hata mimi nilimshauri tununue mkanda wa gari lililokufa, kule wanakouza vipande. Akakataa katakata. Mkanda uliokwisha kumshika mtu kwenye ajali umechoka, akasema, na haujui kusema umechoka.

Akasimamisha masomo. Wengi wetu hatukuwa na magari, au lililopo mume amekwenda nalo ghalani, kwa hiyo bila gari la Mwalimu hapakuwa na somo. Alijaribu mara moja kufundisha akiwa amekaa nyuma. Mwanafunzi akawa anageuza kichwa kila anaposemeshwa, kwa adabu, maana kwao huongei na mtu mzima umempa kisogo. Walirudi baada ya kuzunguka mtaa mmoja, wote wawili wanatetemeka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamwona yeye hacheki.

Ikabaki safari ya kanisani. Mwalimu alikuwa anawapitia watu Jumapili, na kwa desturi yetu, awe Mkongo, Mrundi au mimi wa Tanga ninayekwenda kwa ajili ya ngoma na chakula, kiti cha mbele ni cha mkubwa. Hukigombanii. Mkubwa akija unashuka hata kama mmeshafika mwisho wa mtaa. Na mkubwa wa gari lile alikuwa kiongozi wa kwaya, mama mkwe wa Mama Kezia. Jumapili ya kwanza baada ya mdomo kupona, alikuja na gauni lake la kitenge, akaweka mkono kwenye mlango wa mbele, na Mwalimu akamwambia, "Mama, leo kaa nyuma."

Kiti cha mbele kikakaa sufuria.

Mama yule hakuuliza. Watu wetu hawaulizi. Mtu mzima akikufanyia jambo la namna hiyo unalibeba kimya, unakwenda nalo nyumbani, na huko ndiko linakoota mbawa. Wiki iliyofuata alisema ana mafua. Iliyofuata akapata lifti kwingine. Nikamsikia mlangoni pa kanisa akisema, "Nimewekwa nyuma kama kiroba cha unga, mbele kimekaa chungu cha sombe, huyo Mwalimu wenu kapatwa na nini?" Wengine wakasema anawanyanyapaa wanaoishi na watu wanaofanya kazi kwa wazee, anaogopa korona. Na kwa kuwa mkubwa ameacha kupanda, wadogo nao wakaona si adabu kuendelea kupanda.

"Mwalimu, waambie!" Nilimwambia hivyo jikoni kwake, nimekasirika kweli. "Sema mkanda ni mbovu. Neno moja tu."

"Nikisema mbovu, watauliza tangu lini. Nikisema tangu lini, Mama Kezia atahesabu. Hana akili?"

"Basi utapoteza watu wote kwa ajili ya mtu mmoja."

"Yule mumoja anaendesha motokari ya bwana yake sasa, iko karibu kupata permis ya kuendesha." Akaendelea kumenya tangawizi. "Hawa wengine watarudi. Watu wanarudi."

Hawakupata nafasi ya kurudi. Ukaja mwaka wa pili na ile karantini kali, ambamo sisi wa magharibi ya Sydney tulifungwa kuliko watu wa pwani ya bahari. Kilomita tano, usizivuke. Helikopta ya polisi ilikuwa juu ya Mount Druitt mchana kutwa kama inatafuta kuku aliyepotea. Mimi nilikuwa na kibali cha kwenda Westmead, kwenye hospitali ninakohudumia wazee, ninapimwa pua kila mara, na niliogopa kumletea ugonjwa, kwa hiyo nilimwekea vyakula mlangoni, nikarudi nyuma mpaka kwenye ua, tukaongea kwa kupaza sauti. Aliongea sana kuliko kawaida. Nikiondoka alikuwa anaanza hadithi nyingine.

Gari lake lilikaa pale chini. Aliliosha, likawa safi kuliko gari la harusi, halafu akaliosha tena. Aliliwasha ili betri isife. Nilikuwa nasikia kutoka juu injini ikinguruma bila kwenda popote, kisha ikizimwa, kisha mlango wa nyumba yake ukifungwa. Wakati ule sikuwa na nguvu ya kumhurumia mtu, kazini watu wangu walikuwa wanakufa bila watoto wao, lakini sauti ya injini ile iliniuma kila mara.

Walipofungua, kipuri kikawa kimefika. Nilikwenda naye. Kijana yule yule, barakoa nyingine. Kishikio kipya kilikuwa cheusi kinachong'aa, na Mwalimu alikichomeka na kukivuta mbele yao mpaka foleni ikaanza kukohoa. Kilishika kila mara. Njiani kurudi alinikalisha mbele, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mdomo, na alikuwa anaimba.

Jioni hiyo akapiga simu zote. Nilikuwepo, nilimsikia. "Motokari iko muzuri sasa, kuja." Kila aliyepigiwa alifurahi kumsikia, kwa kweli. Mmoja alikuwa amehamia Queensland. Mmoja alikuwa ameshapata leseni kupitia shule ya udereva, gari lenye breki mbili na mwalimu mwenye simu inayotoa risiti. Wawili walisema watakuja, na wanawake wa zamu tunajua maana ya kusema utakuja. Mama Kezia alikuwa ameshapata leseni pia, na gari dogo la rangi ya maziwa. Jumapili nilimwona akiingia uwanja wa kanisa taratibu, na kiti cha mbele amekaa nani? Mama mkwe, gauni limetandazwa, anawapungia watu.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatabasamu, kweli kabisa, tabasamu la mwenye shamba lake. "Ona vile anaegesha," akaninong'oneza. Akamsalimia mama mkwe, mama mkwe akaitikia kwa ncha ya midomo. Nilitaka kusema yote pale pale. Mwalimu akanifinya mkono, na nina alama yake mpaka leo, ukitaka nikuonyeshe.

Mara ya mwisho ninayoitaka kuisimulia ni ya majuma machache kabla mpaka wa Perth haujafunguliwa. Kuegesha gari Westmead ni balaa, kwa hiyo mimi huacha langu, nililolinunua baada ya karantini, karibu na kituo cha Rooty Hill na kupanda treni. Ilikuwa mchana, nakwenda zamu ya jioni, nikaliona gari la Mwalimu limeegeshwa kivulini kando ya uzio. Yeye amekaa kiti cha kushoto, mkanda umefungwa. Kiti cha dereva kitupu. Nikajua amepata mwanafunzi, huenda ameingia dukani mara moja, na nilifurahi hata nikakimbia kidogo kwenda kugonga dirisha.

"Shikamoo Mwalimu! Mwanafunzi wako kaenda wapi?"

"Asante, na weye." Akashusha kioo. "Mwanafunzi gani?"

"Uko na nani?"

"Niko na motokari."

Nikatazama nyuma. Viti vyote vilikuwa vitupu.

"Sasa mbona umekaa upande huu?"

Alifikiri kwanza. Hakuona haya, alikuwa anatafuta namna ya kunielezea. "Nikikaa kule kwa usukani, Mama Eliya, niko muzee peke yake ndani ya motokari. Nikikaa huku, mutu akipita anaona namungoja mutu." Akashika mkoba wake vizuri. "Saa ingine na mi naona vile."

Spika za kituo zikatangaza treni yangu. Nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa dereva, nikakaa, nikajifunga.

"Unachelewa kazi."

"Nitawapigia."

Akanipa funguo. Tukatoka pale, tukapita chini ya daraja, tukaingia mitaa ya nyumba. Nilikuwa na leseni miaka mingi, ni yeye aliyenipa, na mikono yangu ilifanya kila kitu chenyewe. Nilisimama palipotakiwa kusimama. Nilitazama bega kabla ya kuhama. Nikamwibia Mwalimu jicho, nikamwona ametazama mbele, midomo imebanwa, kovu dogo likionekana kwenye ule wa chini.

"Unaendesha muzuri," akasema mwishowe, na haikuwa sauti ya kusifu. "Hakuna kitu naweza kusema."

"Nimefundishwa vizuri."

"Ndiyo." Tukapita nyumba mbili tatu. "Mama Eliya."

"Naam, Mwalimu."

"Kosea kidogo."

Mtaa ulikuwa mtupu mbele na nyuma. Nikakata kona bila kuwasha taa ya kuashiria, na alinigombeza mpaka tulipofika nyumbani.